Uzi maalumu: Kugeuza video ya simu au kamera iwe DVD inayocheza kwenye deki ya sebuleni

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, maulidi, ubarikio na mahafali hapa Tanga, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiletewa diski ambazo mwenyewe anasema, "Kwenye kompyuta inacheza vizuri, ila kwa mama kijijini imegoma." Nimeona niandike kwa kirefu namna ninavyoifanya kazi hii, ili anayetaka kumpelekea mzazi wake kumbukumbu ya harusi asirudi mjini na diski mkononi.

Nianze na lililonipata mimi mwenyewe. Harusi ya kwanza niliyolipwa, nilichukua faili la MP4 nililokuwa nimemaliza kulihariri, nikalinakili kwenye DVD tupu kama mtu anavyonakili barua na picha, nikaijaribu kwenye kompyuta yangu, ikacheza bila tatizo. Bibi harusi akaipeleka kwa wazazi wake Lushoto. Jioni hiyo ndugu na majirani walikuwa wamejaa sebuleni, chai imeshaandaliwa, deki ikaizungusha diski mara tatu nne, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba haitambui diski. Nilirudisha nusu ya malipo, nikakaa siku mbili nikitafuta nilichokosea. Nilikuwa nimeanza na faili nililokuwa nalo, ilhali kazi ya aina hii huanza na deki itakayoichezesha diski, kisha mtu anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye faili.

Deki ya kawaida ya DVD inafahamu lugha chache tu za kubana video, na iliyo kuu ni MPEG-2. Deki za kwanza ziliingia sokoni Japani mwezi Novemba 1996. Lugha ya H.264, ambayo simu zetu nyingi huitumia kurekodi, iliidhinishwa mwaka 2003. Deki iliyoundwa kwa kufuata kanuni za DVD pekee haina kifaa ndani yake cha kuisoma H.264, na hakuna kitufe utakachobonyeza ukaisoma. Zipo deki zenye tundu la flashi zinazosoma AVI za DivX na Xvid, na za miaka ya karibuni zinasoma hata MP4, lakini ukiwa humjui atakayeipokea diski, usiitegemee bahati hiyo. Tengeneza DVD kamili na itacheza kwenye deki za kwetu karibu zote.

DVD kamili ina masharti yake, nami nitayataja yale yanayowaangusha watu. Kwa mfumo wa picha za runinga uitwao PAL, ambao ndio tunaoutumia kwa DVD Tanzania na Kenya, picha inatakiwa iwe na upana wa pikseli 720 na kimo cha pikseli 576, kwa fremu 25 kwa sekunde. Sauti ipimwe kwa kilohezi 48. Ile ya kilohezi 44.1 inayotoka kwenye nyimbo za MP3 haikubaliki mpaka igeuzwe. Kiwango cha biti cha picha, yaani wingi wa data kwa kila sekunde, kisivuke megabiti 9.8 kwa sekunde, na picha, sauti na maandishi kwa pamoja visivuke 10.08. Ndani ya picha, kila kundi la fremu linaloanza na picha iliyokamilika lisizidi fremu 15, kwa sababu deki hutegemea picha hizo zilizokamilika inapopeleka mbele au kurudisha nyuma. Baada ya hapo, vyote hivyo vinapangwa kwenye folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili ya IFO yanayoielekeza deki, nakala zake za BUP, na mafaili ya VOB yenye video yenyewe, ambayo kila moja halizidi gigabaiti moja. Ndiyo maana kubadilisha mkia wa jina la faili kutoka MP4 kuwa VOB hakusaidii kitu.

Kwa hiyo kazi ina hatua tatu, na kila hatua ina programu yake. Kwanza ni kuenkodi, yaani kuiandika video upya kwa lugha ya MPEG-2. Pili ni kupanga, yaani kutengeneza ile folda ya VIDEO_TS pamoja na menyu kama unaitaka. Tatu ni kuchoma. Nimekutana na vijana wengi waliopoteza siku nzima na HandBrake wakidhani inatengeneza DVD. HandBrake ni programu nzuri sana, lakini inafanya kazi ya upande wa pili: inapokea DVD au faili lolote na kukupa MP4 au MKV. Haikupi DVD hata ukiibembeleza.

Mimi natumia FFmpeg kuenkodi, DVDStyler kupanga, na ImgBurn kuchoma; zote zinapatikana bila malipo. DVDStyler inaweza pia kuenkodi yenyewe, na kwa video ya dakika 20 isiyo na mambo mengi inatosha kabisa. Kwa harusi ya saa mbili napenda kuenkodi mwenyewe kwa sababu nataka kukipanga kiwango cha biti kwa hesabu. Amri ya msingi, unayoiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta, ni hii:

ffmpeg -i harusi.mov -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg

Namba 16:9 ni umbo la picha pana. Maneno "target pal-dvd" yanaiambia programu ifuate masharti yote niliyoyataja hapo juu: ukubwa wa picha, fremu 25, makundi ya fremu 15, sauti ya AC-3 (aina ya mbano wa sauti) ya kilohezi 48 na mpaka wa kiwango cha biti. Usipoandika chochote zaidi, picha itapewa megabiti 6 kwa sekunde na sauti kilobiti 448, ambazo zinafaa kwa video isiyozidi dakika 90 na kitu. Ikizidi hapo diski haitoshi, na hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Hesabu yenyewe haina ugumu. DVD ya safu moja inabeba baiti bilioni 4.7. Hapa pana mtego: Windows itakuonyesha gigabaiti 4.37 tu, kwa kuwa inahesabu kwa 1024 badala ya 1000, hivyo faili linaloandikwa GB 4.6 kwenye kompyuta yako haliingii. Zidisha baiti bilioni 4.7 kwa 8 upate biti bilioni 37.6. Punguza asilimia 4 kwa ajili ya menyu na data za kuifungasha video ndani ya mafaili, zinabaki takribani bilioni 36.1. Gawa kwa urefu wa video kwa sekunde. Harusi ya saa mbili ni sekunde 7,200, hivyo unapata kilobiti 5,013 kwa sekunde. Toa kilobiti 192 za sauti, na picha inabaki na 4,800 na ushee. Hiyo ndiyo namba unayoiandika:

ffmpeg -i harusi.mov -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4800k -b:a 192k -pass 1 -y harusi.mpg
ffmpeg -i harusi.mov -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4800k -b:a 192k -pass 2 -y harusi.mpg

Amri ni mbili kwa sababu programu inaipitia video mara mbili. Mara ya kwanza inaisoma tu na kuandika wapi pana shughuli nyingi na wapi pametulia. Mara ya pili inagawa biti kwa haki. Shehe anapofungisha ndoa na watu wametulia kimya, picha haihitaji biti nyingi. Ngoma inapoingia ukumbini, kina mama wanatunza, vitambaa vinapepea na taa za rangi zinawaka na kuzima, hapo picha inazila biti zote unazoipa. Ukienkodi kwa kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho, utazipoteza kwenye hotuba na kuzikosa kwenye ngoma, na utaona vigae vidogo vidogo kwenye nyuso za watu wanaocheza.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi: enkodi mara moja tu, na uanze na faili la asili. Video iliyopitia WhatsApp imeshabanwa na kupunguzwa. Ukiibana tena kwa MPEG-2, kasoro za mbano wa kwanza zinabanwa pamoja na picha, na hakuna programu itakayorudisha kilichopotea. Mwombe mwenye video akuletee kadi ya kumbukumbu yenyewe, au ainakili kwa waya.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa Morogoro

Shukrani sana, mkuu. Mimi nimerekodi send-off ya dada yangu kwa simu, saa moja na nusu. Nimefuata njia inayokaribiana na yako, na picha imetoka safi, lakini sauti inaanza sawasawa na mdomo, kisha kadiri muda unavyokwenda inaachana na picha. Mwishoni MC anasema "kaeni" wakati kwenye picha watu wameshakaa zamani. Nimebadilisha programu tatu na bado hali ni ileile. Tatizo ni simu au ni mimi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, tatizo hilo ndilo linaloongoza kwa wanaorekodi kwa simu, nami nitalieleza kwa urefu kwa kuwa ukilielewa hutasumbuka nalo tena.

Kamera ya video hupiga fremu kwa mwendo usiobadilika. Simu nyingi hazifanyi hivyo. Simu ikiandika kwamba inarekodi fremu 30 kwa sekunde, maana yake ni kwamba inajaribu kufikia 30. Ukumbi ukiwa na giza, inaongeza muda wa kupokea mwanga na fremu zinapungua. Ikipata joto, zinapungua zaidi. Mwanga ukirudi, zinaongezeka. Kila fremu inaandikiwa saa yake ndani ya faili, na kichezeshi cha kwenye simu au kompyuta kinaifuata saa hiyo, ndiyo maana huko huoni kasoro.

Sasa baadhi ya programu za kuhariri hazisomi saa ya kila fremu. Zinasoma namba moja iliyoandikwa mwanzoni mwa faili, zinaziamini zile 30, na kuzipanga fremu zote kwa mwendo huo. Chukua mfano wa simu ambayo kwa wastani imepiga fremu 29.8. Kwa saa moja itakuwa imepiga fremu 107,280. Ukizipanga kwa 30 kwa sekunde, picha itaisha baada ya sekunde 3,576, ilhali sauti ina sekunde 3,600. Umeshapishana kwa sekunde 24, na sauti haikuwa na kosa lolote. Ndicho kinachokupata: watu wanakaa kwenye picha kabla MC hajawaambia.

Fungua faili lako la simu kwa programu ya MediaInfo, utazame mstari unaoeleza kama kasi ya fremu ni thabiti au inabadilikabadilika. Ikiwa inabadilika, ligeuze kwanza kuwa faili lenye mwendo thabiti kabla hujaligusa kwa programu ya kuhariri:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le simu.mov

FFmpeg inasoma saa ya kila fremu. Penye pengo inarudia fremu, penye msongamano inaondoa. Namba 16 inaifanya picha ibaki karibu sana na ya asili, kwa gharama ya faili kubwa, hivyo andaa nafasi ya kutosha kwenye diski kuu. Najua nimesema tuenkodi mara moja tu, na hapa tunaenkodi mara mbili, lakini mbano wa kiwango hiki ni mwepisi kiasi kwamba madhara yake huyaoni, nao unakuokoa na kosa kubwa zaidi. Ukimaliza, hariri kwa faili la simu.mov, kisha endelea na hatua za DVD kama kawaida.

Mchangiaji wa Morogoro

Nimetazama, na kweli inaandika kwamba inabadilikabadilika. Nitafanya hivyo usiku huu. Swali jingine dogo: kutoka fremu 30 za simu kwenda 25 za DVD, hizo 5 zinakwenda wapi?

Mleta uzi

Zinatupwa. Katika kila fremu sita, moja inaondolewa, na hilo linatokea mara tano kila sekunde. Watu wakiwa wamekaa hutaliona kabisa. Kamera ikizunguka taratibu kutoka meza ya maharusi kuelekea kwa wageni, utaona picha inakwenda kwa vishindo vidogo vidogo, na macho ya mtu aliyezoea kazi hii yanaumia.

Dawa nzuri iko mwanzoni: kama simu yako ina programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua fremu 25 au 50, chagua hizo kabla ya shughuli kuanza. Utapata faida ya pili pia, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za mirija za ukumbini zinamemeteka kwa kufuata umeme huo. Anayerekodi kwa fremu 25, na lenzi ikafunguka kwa moja ya hamsini ya sekunde, hapati ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye kuta.

Mchangiaji wa Mombasa

Hamjambo, ndugu zangu. Uzi huu umenifaa sana. Mimi nina kaka yangu Marekani, nataka kumpelekea video ya harusi ya binti yetu kwa mkono wa mtu anayesafiri mwisho wa mwezi. Nimeambiwa DVD za kwetu hazichezi kule. Je, ni kweli, au ni yale mambo ya kufungiwa kanda za nchi ninayoyasikia?

Mleta uzi

Ni kweli, dada, lakini sababu si kufungiwa. Namba za kanda zinawekwa na kampuni za filamu kwenye diski zao za kuuza. Diski unayoitengeneza nyumbani haina kizuizi hicho, inaruhusiwa kila mahali. Tatizo ni mfumo wa runinga. Marekani, Kanada na Japani walijengea runinga zao juu ya NTSC, yenye kimo cha pikseli 480 na fremu 29.97 kwa sekunde. Deki nyingi zinazouzwa kwetu zinasoma PAL na NTSC bila kuchagua. Deki nyingi za Marekani zinasoma NTSC pekee. Kwa hiyo kwa kaka yako andika "target ntsc-dvd" mahali pa "pal-dvd", na kwenye DVDStyler chagua NTSC unapoanzisha mradi. Sauti iache iwe AC-3, kwa sababu sauti ya MP2, inayokubalika kwenye diski za PAL, kwa NTSC si lazima deki iisome.

Na hapa kuna jambo la kumpendeza mdau wa Morogoro. Video ya simu yenye fremu 30 inaingia kwenye 29.97 karibu bila kutupa kitu, kwa hiyo nakala ya kaka yako itakwenda kwa ulaini kuliko ya nyumbani. Nimewahi kufikiria kuwapa wateja wangu wote NTSC kwa sababu hiyo. Niliacha baada ya kuona kwamba runinga za zamani za kioo kilichobinuka, ambazo bado zipo kwenye nyumba za wazee, nyingine zinaionyesha NTSC bila rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Mzee akiiona harusi ya mjukuu wake bila rangi, hatajali kwamba kamera imezunguka kwa ulaini. Kwa jamaa yako wa Oman, ukiwa naye, tumia PAL.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, mimi nina kamera ya zamani ya kanda ndogo za DV. Nikigeuza kwenda DVD, watu wakitembea picha inachanika mistari ya kulala kama meno ya kitana, na kwenye runinga inatetemeka mbele nyuma. Pia watu wanaonekana wembamba kuliko walivyo.

Mleta uzi

Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kamera za DV hugawa kila fremu katika nusu mbili: mistari ya shufwa na mistari ya witiri, na nusu hizo zimepigwa kwa nyakati mbili tofauti, moja ikitangulia nyingine kwa moja ya hamsini ya sekunde. Runinga inazionyesha kwa zamu, na mwendo unakuwa laini sana. DV ya PAL inaanza na nusu ya chini. Mipangilio mingi ya DVD inatarajia ya juu ndiyo ianze. Programu ikiandika kimakosa ipi inatangulia, deki inamwonyesha mtu alipofika kabla ya kumwonyesha alipotoka, na kutetemeka kwa mbele nyuma kunatokana na hilo. Meno ya kitana peke yake, unapoitazama kwenye kompyuta, si kosa. Ni zile nusu mbili zikionyeshwa kwa pamoja. Acha video yako iwe na nusu hizo, usizichanganye, ila hakikisha programu inajua kwamba chanzo kinaanza na nusu ya chini. Vilevile usiibadilishe kimo wakati ingali na nusu mbili. DV ya PAL tayari ni 720 kwa 576, hivyo haina haja ya kubadilishwa ukubwa.

Kuhusu wembamba: DVD huhifadhi picha ileile ya 720 kwa 576 kwa runinga nyembamba ya 4:3 na kwa runinga pana ya 16:9. Kinachozitofautisha ni alama moja ndani ya faili inayoiambia deki inyooshe picha kwa kiasi gani. Ukirekodi kwa upana wa 16:9 na alama ikaandikwa 4:3, deki itaibana picha kwa pembeni na watu watarefuka. Tazama kamera yako ilirekodi kwa umbo gani, kisha andika "-aspect 16:9" au "-aspect 4:3" ipasavyo.

Kwa waliorekodi kwa simu iliyosimama wima, msiivute video ijaze runinga. Iacheni katikati, muijazie weusi pembeni:

ffmpeg -i wima.mp4 -vf "scale=-2:576,pad=1024:576:(ow-iw)/2:0" -target pal-dvd -aspect 16:9 wima.mpg

Mchangiaji wa Dodoma

Mimi nina mkutano wa injili wa saa tatu kamili, na mchungaji anataka uingie kwenye diski moja. Inawezekana?

Mleta uzi

Inawezekana, ila nitakupa hesabu uamue mwenyewe. Biti bilioni 36.1 ukizigawa kwa sekunde 10,800 unapata kilobiti 3,342, na ukitoa sauti inabaki 3,150 hivi kwa picha. Mhubiri aliyesimama kwenye mimbari ataonekana vizuri. Kwaya inayocheza itaonyesha vigae. Ushauri wangu wa dhati ni diski mbili, ukakate pale ambapo maombi yamekwisha na kabla nyimbo hazijaanza. Zipo pia diski za safu mbili zinazobeba gigabaiti 8.5, lakini ni ghali, na deki chakavu zinakwama zinapovuka kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Ukilazimika kabisa kubaki na diski moja, na hasa mkutano ukifika saa nne, punguza upana wa picha kuwa pikseli 352 kwa kimo kilekile cha 576, ukubwa ambao kanuni za DVD zinauruhusu. Picha itakuwa laini kidogo, kama ya kanda za zamani, lakini vigae vitapungua sana.

Mchangiaji wa Dodoma

Nimekuelewa, nitampelekea mchungaji diski mbili. Nilitaka kupeleka faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, dukani kwa flashi wanichomee nakala 50, lakini flashi ya GB 16 inaniambia faili ni kubwa mno wakati iko tupu.

Mleta uzi

Flashi yako imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha ipange upya kwa exFAT au NTFS, na ISO itaingia.

Ukifika dukani, omba mambo mawili. Wachome kwa kasi ya mara 4 au mara 8, hata kama diski zimeandikwa mara 16, kwa sababu diski nyingi za bei nafuu zikichomwa kwa kasi kubwa zinasomeka kwenye kompyuta na kukataliwa na deki chakavu. Pia wakubali kuhakiki angalau nakala moja katika kila kumi kwa kuilinganisha na ISO. Kwa deki za zamani, DVD-R inakubalika zaidi kuliko DVD+R. Na msibandike karatasi juu ya diski; ikikaa upande kidogo tu, diski inayumba ikizunguka, na joto la deki linaikunja. Andikeni kwa kalamu laini ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati.

Mchangiaji wa Morogoro

Mkuu, nimerudi na majibu. Niligeuza faili la simu liwe na mwendo thabiti kama ulivyoelekeza, nikahariri upya, nikachoma kwanza kwenye DVD-RW, ile inayofutika na kuandikwa tena, ili nisipoteze diski, nikaenda kuijaribu kwenye deki ya baba yangu mwenyewe. Sauti na mdomo vimekwenda pamoja tangu dua ya kufungua hadi keki. Baba ameitazama yote bila kusimama. Kimebaki kitu kimoja: majina ya dada na shemeji niliyoyaandika chini ya picha, nusu ya herufi zimekatwa na ukingo wa runinga. Kwenye kompyuta yanaonekana yote.

Mleta uzi

Hongera sana, na umefanya vyema kujaribia kwenye deki itakayotumika. Runinga za kioo kilichobinuka huificha sehemu ya kingo za picha nyuma ya fremu yake, ndiyo maana watengenezaji wa vipindi huweka maandishi ndani ya asilimia 80 ya katikati. Kwa picha ya 720 kwa 576, eneo hilo lina upana wa pikseli 576 na kimo cha pikseli 460. Yapandishe majina mpaka yawe juu ya ukingo wa chini kwa pikseli 60 au zaidi, na uyaachie pikseli 72 kila upande wa kushoto na kulia. Kama unahariri kwa 1920 kwa 1080, vipimo hivyo ni pikseli 108 kutoka chini na 192 kila upande. Rekebisha ndani ya mradi wako wa kuhariri, utoe faili jipya kutoka humo, ndipo uenkodi. Lile faili la MPEG-2 ulilochoma usiliguse kwa kuhariri, kwa sababu ukilibana tena picha ya dada yako itafifia. Na ile simu.mov ihifadhi kwenye diski kuu ya nje pamoja na faili la asili, kwa sababu siku wakwe watakapoomba nakala yao utaanzia hapo.